Uchungu Unaoondoka: Mwongozo Kamili wa Kuonja na Kuhukumu Bita ya Uingereza

Ukiagiza bia kwenye baa ya Moshi au Kisumu, mhudumu atakuuliza kwanza: baridi au ya moto? Ya moto haijachemshwa. Ni ile iliyotoka kwenye kreti bila kupita kwenye friji. Bita ya Uingereza inakaa katikati ya majibu hayo mawili, na hapo ndipo mtu wa kwetu anapokwama. Analetewa glasi kubwa isiyouma meno kwa baridi wala kuchoma koo kwa gesi, rangi kama chai ya rangi, anapiga funda moja na kutangaza kwamba hii bia imelala, haina uhai wa gesi. Nami nilitangaza hivyo mara yangu ya kwanza, kwenye pabu moja ya mji mdogo huko Uingereza, nikaiacha glasi mezani robo tatu. Baadaye sana, nilipokwisha kuizoea bita, niliikumbuka glasi ile na siki iliyokuwa ikinukia kwa mbali. Ilikuwa imelala kweli. Ila siku ile sikuwa na njia ya kujua kama ndiyo tabia yake au ilikuwa imeharibikia pale pale pabuni.

Mwongozo huu ni wa mtu mzima anayekunywa na anayetaka kuipata njia hiyo. Kila glasi ya bita ina watu wawili wa kuhukumiwa: aliyeipika na aliyeitunza. Ukiwachanganya, utamfunga asiye na hatia.

Hatua ya 1: Jua kilichomo

Jina bita maana yake ni chungu tu, basi. Katika karne ya 19 viwanda vya Uingereza vilianza kuuza kwa wingi bia za rangi nyepesi zenye hopsi nyingi, na wanywaji wenyewe wakaziita hivyo ili kuzitenga na maildi, bia laini iliyokuwa ikishindana nazo kaunta.

Ndani yake mna kimea cha shayiri, hopsi, hamira na maji. Kimea kinachosifiwa zaidi hutoka kwenye shayiri ya Maris Otter, mbegu iliyozalishwa Cambridge na kuingia mashambani katika miaka ya 1960. Huipa bia ladha ya biskuti na ganda la mkate. Juu yake mpika bia huongeza kiasi kidogo cha kimea kilichookwa kikiwa bado kimelowa, hadi sukari ya ndani ya punje ikageuka karameli. Rangi ya shaba na utamu wa tofi vinatoka huko.

Hopsi ni maua yaliyokaushwa ya mmea unaotambaa. Mchaga ataelewa haraka nikimwambia kwamba kazi yake kuu ni ile ya msesewe kwenye mbege: kuleta uchungu ili utamu wa nafaka usichoshe. Lakini hopsi zina manukato pia, na hapa kuna majina mawili ya kukariri. Fuggle hunukia udongo uliolowa, majani makavu na mbao. East Kent Goldings hunukia maua, asali na ganda la chungwa. Usitafute embe na pasheni. Hayo ni ya hopsi za Marekani na New Zealand, na ukiyakuta kwenye glasi yenye jina la bita ujue mpishi ameamua kutembea nje ya njia.

Hamira ya Kiingereza huacha harufu ya matunda, kama tofaa bivu au pea. Maji nayo yana kauli: visima vya Burton upon Trent vina jasi nyingi, na jasi huufanya uchungu uwe mkavu na mkali. Ndiyo maana mji ule mdogo uligeuka kuwa mji mkuu wa bia za rangi nyepesi, na ndiyo maana wapishi wa miji mingine walianza kutia chumvi za madini kwenye maji yao ili kuuiga.

Kisha angalia kiwango cha kileo, kwa sababu ndicho kinachokwambia utumie kipimo gani. Waamuzi wa BJCP, mpango wa kuidhinisha waamuzi wa bia ulioanza Marekani mwaka 1985, wanaipanga bita katika ngazi tatu: ya kawaida, asilimia 3.2 hadi 3.8, iliyo bora, 3.8 hadi 4.6, na kali, 4.6 hadi 6.2. Southwold Bitter ya Adnams ina 3.7. Sussex Best ya Harvey's ina 4.0, Landlord ya Timothy Taylor 4.3, na ESB ya Fuller's, ikitoka kwenye pipa, 5.5. Linganisha na Tusker yenye 4.2 utaona kwamba bita ya kawaida ni nyepesi kuliko bia tuliyoizoea. Kuilaumu kwamba haina nguvu ni sawa na kuilaumu chai kwamba si kahawa. Imepikwa ili mtu anywe tatu akizungumza na bado arudi nyumbani akiijua njia.

Hatua ya 2: Lielewe pipa

Kama kuna sehemu moja ya kusoma mara mbili, ni hii.

Bita ya asili hutoka kiwandani ikiwa haijakamilika. Hamira ingali hai ndani ya pipa na inaendelea kuchacha. Pipa la kawaida huitwa firkin: galoni 9 za Kiingereza, karibu lita 41, painti 72, yaani glasi kubwa 72 za pabuni. Likifika pabuni hulazwa chini, kwenye chumba chenye nyuzi joto 11 hadi 13, na kuanzia hapo mtunza pipa ndiye mpishi wa pili. Tundu la juu hutobolewa na kupigiliwa kijiti cha mti laini kinachopitisha hewa, ili gesi ya ziada itoke. Gesi ikitulia, anakitoa na kupigilia kijiti kigumu, ili iliyobaki isitoroke. Akiwahi, bia itatoka imejaa povu. Akichelewa, italala.

Hamira nayo inapaswa kuzama. Ili izame upesi, viwanda vingi hutia ute unaotengenezwa kwa vibofu vya hewa vya samaki vilivyokaushwa. Mtu wa Mwanza anavijua kwa jina la mabondo, na anajua jinsi mabondo ya sangara yanavyogombaniwa na wanunuzi wanaoyapeleka China. Kiungo cha samaki cha namna hiyo hiyo ndicho kinachosafisha painti ya Mwingereza. Kwa sababu hiyo wasiokula nyama huiepuka, na siku hizi viwanda kadhaa vimeacha kukitumia na kuuza bia yenye ukungu makusudi. Kumbuka hilo tutakapofika kwenye jicho.

Mfereji ukishafunguliwa, saa inaanza kuhesabu. Hakuna gesi inayosukuma bia. Pampu ya mkono inaivuta kutoka chini kama maji ya kisima, na kila painti inayotoka nafasi yake inachukuliwa na hewa. Siku ya kwanza na ya pili hewa hiyo haina neno. Baada ya siku tatu harufu za hopsi zimefifia na uchachu unabisha hodi. Anayejua tembo la mnazi hahitaji maelezo zaidi: la asubuhi si la jioni.

Bia ya kegi ni jambo jingine. Imechujwa, mara nyingi imepashwa moto kuua vijidudu, na inasukumwa kwa gesi. Haibadiliki sana leo na wiki ijayo. Katika miaka ya 1960 viwanda vikubwa vya Uingereza vilitaka kila pabu iende huko, na mwaka 1971 vijana wanne wa Kiingereza waliokuwa likizo Ireland wakaanzisha CAMRA, chama cha wanywaji cha kuitetea bia ya pipa. Kwamba bado kuna kitu cha kuonja leo, deni kubwa ni lao.

Hatua ya 3: Chagua pabu, pampu na saa

Hesabu pampu za mkono, kisha hesabu wateja. Pampu nane na wazee watatu wanaocheza karata ni dalili mbaya, maana mapipa nane hayawezi kwisha kwa siku tatu. Pampu mbili na kaunta iliyojaa ni dalili njema. Muulize mhudumu, bila kuona haya, ni ipi inayokwenda haraka leo. Swali hilo halimkeri. Linamwonyesha kwamba unajua unachokifanya. Unaweza pia kuomba kuonja, na watakumiminia kidogo bure kwenye glasi ndogo. Kibandiko cha jina kikiwa kimegeuzwa nyuma, pipa hilo limekwisha au halijawa tayari.

Epuka kuwa wa kwanza kuhudumiwa asubuhi pabu inapofunguliwa. Bia iliyolala usiku kucha ndani ya mpira kati ya pipa na pampu inapaswa kuvutwa na kumwagwa, na si kila mahali wanafanya hivyo.

Hatua ya 4: Andaa mdomo, pua na glasi

Usije umetoka kula biriani, kunywa kahawa wala kupiga mswaki. Saa moja kabla yatosha. Manukato makali mwilini hayafai, na hili nalisema kwa huruma kwa watu wa pwani tunaopenda udi. Beba kipande cha mkate mkavu na maji.

Glasi iwe safi kabisa. Njia ya kuijua glasi chafu ni viputo: vikigandamana ukutani upande mmoja, pale pana mafuta au sabuni. Kwa kuonja kwa makini, agiza nusu painti na uombe itiwe kwenye glasi kubwa ili pua ipate nafasi. Nyumbani, glasi ya divai inafaa kuliko zote.

Halafu joto. Bita inatakiwa ifike mkononi ikiwa na nyuzi 11 hadi 13. Ikiwa baridi zaidi, ishike kwa viganja viwili na usubiri. Baridi inaficha harufu na kuuchongoa uchungu. Ikiwa vuguvugu, andika kosa kwa mtunza pipa na uendelee.

Hatua ya 5: Jicho, kwa haraka

Inua glasi kuelekea dirishani. Rangi inaanzia asali na kufika shaba iliyokolea, na rangi peke yake haimpi mtu alama wala kumnyima. Povu ni la kimkoa: kaskazini, hasa Yorkshire, mdomo wa bomba huvalishwa kikofia chenye matundu madogo, bia ikapita kwa nguvu na kutoka na povu zito kama maziwa, kusini hawakipendi, povu ni jembamba. Ugomvi wao ni wa miaka mingi, mgeni usiuingilie. Ila jua kwamba kikofia kinatoa gesi na sehemu ya uchungu kwenye bia na kuipeleka kwenye povu, kwa hiyo bia moja huonekana laini zaidi kaskazini.

Ukungu ndio mtego. Unaweza kuwa umetokana na baridi, ama ni bia isiyotiwa ute wa samaki, ama ni masalia ya chini ya pipa. Usihukumu kwa jicho. Uliza kama ndivyo inavyopaswa kuwa, kisha onja.

Hatua ya 6: Pua

Zungusha glasi mara mbili, nusa kwa vifupi viwili vitatu, pumzika, nusa tena. Pua huchoka upesi. Ikichoka, nusa mgongo wa mkono wako ili ianze upya.

Tafuta kimea kwanza: biskuti, mkate uliobanikwa, tofi. Kisha hopsi: udongo, maua, ganda la chungwa. Kisha matunda ya hamira. Kwenye bita nzuri hakuna kinachopiga kelele. Ni kama taarab ambayo fidla haimzibi mwimbaji. Kwenye bia za Burton unaweza kukutana na harufu ya kiberiti kilichowashwa sasa hivi, ikatoweka baada ya dakika moja. Wenyeji wanaipenda na wameipa jina. Ni ya maji yao, usiiandike kama kosa.

Hatua ya 7: Mdomo

Piga funda la kutosha kuufunika ulimi, lizungushe, kisha limeze. Kwenye divai waonjaji hutema. Kwenye bita ukitema umeitupa nusu ya hukumu, maana mambo mengi yanatokea baada ya kumeza. Meza huku mdomo umefungwa, toa pumzi puani, na uhesabu polepole hadi kumi.

Hapa Kiswahili kinatupa silaha. Lugha yetu inatenganisha vitu ambavyo wanywaji wengi huviweka kapu moja. Uchungu ni ule wa mwarobaini au msesewe: unakuja nyuma ya utamu, unakaa, unaondoka. Ukakasi ni ule wa ndizi mbichi au chai iliyokaa sana jikoni: ulimi unakauka na kuwa kama umepakwa chokaa. Uchachu ni wa tembo la jana. Bita lazima iwe na uchungu. Ukakasi kidogo mwishoni unavumilika. Ukizidi, mpishi alikamua punje kupita kiasi au alizisuuza kwa maji ya moto mno. Uchachu hauna nafasi kabisa.

Basi usiandike tu kwamba ni chungu. Jiulize uchungu huo umefika lini. Ukitangulia mbele ya kimea, mizani imeinama. Ukifika pamoja na utamu ukiwa bado ulimini na kuusindikiza nje, mpishi ameweza. Na umeondoka vipi? Uchungu mzuri unakauka taratibu na kuuacha mdomo safi, mate yakijaa, mkono ukijirudia kwenye glasi wenyewe. Uchungu mbaya unabaki kooni kama kidonge cha klorokwini kilichogoma kushuka.

Gesi sasa. Bita ya pipa ina chini ya nusu ya gesi ya lager, bia ya aina ya Tusker. Inapaswa kukukwaruza kidogo kwenye ncha ya ulimi, kiasi cha kukujulisha kwamba i hai. Isipokwaruza hata kidogo, hiyo ndiyo iliyolala, na wa kulaumiwa yuko chumba cha chini.

Hatua ya 8: Yatambue makosa na wenye makosa yao

Siki ni ya mtunza pipa, karibu kila mara. Pipa limekaa wazi muda mrefu, bakteria wamepata hewa. Ilikuwa ndiyo habari ya glasi yangu ya kwanza.

Harufu ya boksi lililoloa, na hopsi zimekufa: hewa tena, ila hii inaweza kuanzia kiwandani au njiani.

Siagi, au bisi za sinema, ni diasetili. Hamira huitengeneza yenyewe kisha huila ikipewa muda. Mpishi mwenye haraka huiondoa bia kabla haijamaliza. Kiasi kidogo sana kinakubalika kwenye bita, na wapo wanaokipenda. Mimi si mmoja wao, na kwenye karatasi yangu ya alama nalazimika kujikumbusha hilo. Lakini siagi inaweza pia kutoka kwenye mipira michafu ya pabu. Ukiikuta kwenye pampu mbili za viwanda tofauti ndani ya pabu moja, umempata mhusika.

Tofaa bichi, lile la kijani linalokata, maana yake bia ni changa. Ilitolewa kabla ya wakati. Liko mbali na harufu ya tofaa bivu niliyoisifu juu, na mazoezi ndiyo yanayotenganisha hayo mawili.

Karafuu, au dawa ya kusafishia vidonda: hamira pori imeingia, au klorini imekutana na bia. Mtu wa Pemba asiseme kwamba karafuu ni harufu ya nyumbani. Hapa imepotea njia.

Mahindi ya kuchemsha hayapatikani mara nyingi kwenye bita, kwa kuwa kimea chake kimekaushwa kwa moto mkubwa kuliko cha lager. Ukiyakuta, ni ya mpishi.

Na kicheche. Mnyama yule mdogo mwenye mistari anayejitetea kwa harufu ndiye jibu sahihi la bia iliyopigwa na jua: mwanga unavunja kemikali za hopsi na kuzaa harufu ya jamaa wa kicheche. Kwenye pipa haiwezekani. Kwenye chupa nyeupe au ya kijani inawezekana sana.

Hatua ya 9: Subiri robo ya mwisho

Usiandike alama sasa. Kunywa taratibu hadi ibaki robo, kama dakika 20, bia ikipanda joto kidogo. Funda la kwanza hutongoza. Bia tamu au yenye manukato mengi hushinda kila shindano la funda la kwanza. Bita haikupikwa kwa ajili hiyo. Kwenye robo ya mwisho utamu uliofichwa na ubaridi unajitokeza, siagi inajitokeza, ukakasi unajumlishwa. Swali langu pale huwa ni moja: nikiinuka, naenda kaunta au naenda mlangoni? Nimewahi kushusha alama sita kwa bia niliyoipenda sana dakika ya kwanza.

Hatua ya 10: Weka alama mbili

Alama ya kwanza ni ya mtunza pipa. CAMRA ina kipimo rahisi cha 0 hadi 5 kinachopima hali ya bia na si kama aina hiyo unaipenda: 0 haifai kunywewa, 1 mbovu, 2 ya wastani, 3 nzuri, 4 nzuri sana, 5 kamili. Nusu zinaruhusiwa. Tano uzitoe kwa ubahili; mimi nazitoa mara chache kwa mwaka.

Alama ya pili ni ya mpishi, kwa karatasi ya BJCP yenye jumla ya 50: harufu 12, mwonekano 3, ladha 20, hisia ya mdomoni 5, na picha ya jumla 10. Kuanzia 45 ni ya kipekee, 38 hadi 44 bora, 30 hadi 37 nzuri sana, 21 hadi 29 nzuri. Tazama mwonekano ulivyopewa alama 3 tu. Hao waliogombana juu ya povu wanapigania makombo. Ikiwa alama ya kwanza ni chini ya 3, ya pili usiijaze kabisa. Huwezi kumhukumu mpishi kwa chakula kilichochachia mezani.

Mfano kutoka daftari langu, bita ya kawaida ya asilimia 3.8: "Shaba nyepesi, safi, povu jembamba. Pua: biskuti, udongo, chungwa kwa mbali. Mdomo: kimea kinatangulia, uchungu unafika katikati, unakauka kwa hesabu ya nane. Gesi inatosha. Robo ya mwisho: tofi kidogo, hakuna siagi. Kaunta. Hali 4. Harufu 9, mwonekano 3, ladha 16, mdomo 4, picha ya jumla 8. Arobaini."

Ukiweza, mtume mwenzako akanunue ili usikione kibandiko. Landlord imeshinda taji la bia bora ya Uingereza la CAMRA mara nne, miaka ya 1982, 1983, 1994 na 1999, na ESB mara tatu. Majina kama hayo yanaonja kwa niaba yako. Wazee walishasema juu ya mgema na sifa, na maji yanayofuata.

Hatua ya 11: Kuirudisha

Painti mbovu inarudishwa, na Mwingereza mwenyewe anaona haya kuliko wewe. Irudishe baada ya mafunda mawili, si ikiwa imebaki nusu. Ipeleke kaunta mwenyewe, sema kwa sauti ya chini kwamba unadhani pipa hili linakaribia mwisho, na utaje unachokisikia: siki, siagi. Usiseme haina baridi. Pabu nyingi zinazojiheshimu zitakubadilishia bila maswali.

Hatua ya 12: Mazoezi ukiwa mbali na pipa

Pipa haliwezi kusafiri hadi Arusha au Mombasa likafika hai. Chupa inaweza, nawe ukiipata chagua inayosema ilikamilikia ndani ya chupa. Chini yake utaona tabaka la hamira. Isimamishe wima siku nzima, itoe kwenye friji nusu saa kabla, imimine kwa mkono mmoja bila kusita na uache sentimita ya mwisho. Soma tarehe. Kumbuka pia kwamba ya chupa huwa na gesi zaidi, na wakati mwingine kileo zaidi: London Pride ni asilimia 4.1 kwenye pipa na 4.7 kwenye chupa. Izungushe gesi ipungue.

Pua unaweza kuizoeza kwa bia yoyote ya dukani. Mimina glasi tatu, mbili zikiwa sawa na moja umeitia matone mawili ya siki kwa glasi, mwenzako azipange bila wewe kuona, nawe uitafute iliyo tofauti. Ukiipata mara tano mfululizo, punguza hadi tone moja. Rudia kwa karafuu iliyolowekwa, kisha kwa chai iliyokolea sana ili uujue ukakasi. Kwa kicheche huhitaji kununua kitu: mimina glasi mbili za bia yenye hopsi za kawaida, moja iweke kabatini, nyingine juani saa sita mchana kwa dakika 15. Rudi uzinuse zote mbili, ukianza na ya kabatini.